Tangi la Samaki la Maabara na Ripoti Yangu ya Kwanza

Kinya na Adan, mliobaki na funguo za maabara: siku ya kuniaga mlinivuta kando mkasema, "Mzee Kiambati, tuandikie kazi ilivyokuwa." Nimekaa nyumbani wiki tatu sasa, na kazi yangu ni kufukuza mbuzi wa jirani wasimalize sukuma wiki, kwa hivyo nafasi ninayo. Vyeo vyangu vilisomwa vyote kwenye karamu, hata viwili ambavyo sikumbuki kupewa, na sitavirudia. Nitawaandikia juu ya tangi la samaki. Mnalijua. Mnalibadilishia maji kila Ijumaa, robo tu, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia robo tu. Mliniuliza sababu nikawajibu kwa ukali. Sababu yenyewe ni hii, lakini nawaonya mapema kwamba kuna mambo humu ambayo mpaka leo sijayaelewa.

Nilikuja Isiolo katikati ya miaka ya sabini. Kabla ya hapo nilikuwa dresa katika hospitali moja huko juu Meru, nikifunga vidonda na kuchemsha vyombo. Sista aliyenifundisha kazi alikuwa anapitisha kidole kwenye kila trei, na kidole kikitoka na vumbi unarudia trei zote. Hiyo ndiyo shule niliyosoma. Kitu ambacho hakijachemshwa, kwangu kilikuwa kichafu, na kama ningeweza kuuchemsha mlango wa wodi ningeuchemsha. Kwa hivyo niliposikia kuna shule ya sekondari Isiolo inatafuta mtu wa maabara, niliwaza kwamba chupa ni chupa na sindano ni sindano, nikafunga sanduku.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Bwana Galgalo, mwalimu mkuu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, na bayolojia alifundisha yeye mwenyewe kwa sababu hakukuwa na mwingine. Alinionyesha chumba chenye meza nne, sinki mbili, bomba lililokohoa kwanza kabla ya kutoa maji, na gunia la mifupa ya ng'ombe ambayo ilitakiwa kuwa mfano wa mifupa ya binadamu. "Wewe umetoka hospitali," aliniambia. "Usafi unaujua. Mengine utajifunza." Halafu akamwita mwanamke aliyekuwa anapangusa dirisha. "Huyu ni Mama Ekai. Vitu viko wapi, yeye ndiye anajua. Mimi mwenyewe humuuliza."

Mama Ekai alikuwa Mturkana, mjane, mkaaji wa mtaa wa Bulla Pesa, na alikuwa kibarua pale kwa miaka minne. Alinitazama mkononi, akaona nimebeba sabuni yangu mwenyewe, akacheka. "Ejok, Daktari," alisema, akinisalimu kwa Kiturkana, na kutoka siku hiyo hakuniita jina lingine. Ni yeye aliyenifundisha kuwasha jiko la gesi bila kuchoma nyusi. Ni yeye aliyenionyesha kwamba chupa za kupimia zinawekwa kichwa chini kwenye mbao yenye misumari, la sivyo mende wanahamia. Hakuwa amesoma, lakini ukimwambia, "Leo ni somo la mimea," anakuletea vifaa vyote na kimoja ambacho umekisahau.

Wiki ya pili Bwana Galgalo alituita sisi wawili. Wakaguzi wangekuja mwisho wa muhula. Maabara ikipita, shule ingeruhusiwa kufundisha bayolojia mpaka kidato cha nne, na pamoja na ruhusa hiyo ingepata nafasi moja ya mfanyakazi wa kudumu. "Nafasi hiyo ni ya Mama Ekai," alisema, mbele yangu. Kudumu maana yake ilikuwa hataambiwa tena mwisho wa mwezi kwamba mwezi ujao haijulikani. Maana yake pia ilikuwa nyumba ya wafanyakazi ndani ya shule, chumba chenye mlango wake, kwa mama aliyekuwa analala na watoto wanne katika chumba kimoja na familia ya dada yake. Mama Ekai alisema, "Mungu akipenda," basi. Lakini siku hiyo alipangusa madirisha mara mbili.

Vitu vyote vya wakaguzi tulikuwa navyo isipokuwa kimoja: viumbe vya majini vilivyo hai, pamoja na mimea yao. Bwana Galgalo alichora tangi kwenye ubao. Fundi wa kuchomelea mjini akatengeneza fremu ya chuma, mimi nikakata vioo na kuvishika kwa ile pati ya madirisha. Lilivuja. Nikaongeza pati, likavuja upande wa pili. Mara ya tatu nililiacha likauke juma zima kabla ya kulijaza, likashika. Mchanga tulichota kwenye luga, ule mto mkavu nyuma ya shule, tukauchekecha na kuuosha mpaka maji yakatoka safi. Unauweka mwingi upande wa nyuma na kidogo mbele, ili uchafu uteremke mahali unapouona. Majani ya maji na visamaki, vya urefu wa kidole cha mwisho, tulipata kwenye mto wenye maji, kwa kipande cha chandarua. Maji ya bomba yana dawa, kwa hivyo unayaacha kwenye debe wazi siku mbili, dawa ipae. Ukijaza, mimina juu ya sahani ili usichimbue mizizi. Haya yote mnayajua, na yote niliyafanya vizuri. Nasema hivyo kwa sababu ndiyo sifa pekee nitakayojipa humu.

Kisha Bwana Galgalo akaniambia jambo ambalo sikulielewa hata kidogo. "Ukishapanda majani, ngoja wiki tatu au nne kabla ya kuweka samaki."

"Ningoje nini, Bwana?"

"Maji yakomae."

Nilidhani nimesikia vibaya. Ndizi hukomaa. "Yakikomaa yanakuwaje?"

Alikuna kichwa. "Chuoni tulifundishwa hivyo. Sababu yenyewe imenitoka."

Mnaona hali yangu. Siku ya tano maji yakawa meupe, mazito, mfano wa maji uliyooshea mchele. Kwa dresa, hayo si maji yanayokomaa, hayo ni usaha. Nikamwaga yote. Nikachemsha mchanga kwenye sufuria ya jikoni ya shule, nikachemsha mawe, na majani nikayalaza kwenye pamanganeti, ile dawa ya zambarau ambayo hospitali tuliosha nayo mboga. Nikajaza maji mapya, safi, nikaweka samaki wanane siku hiyo hiyo. Tangi liling'aa. Mama Ekai alisimama akaliangalia, kitambaa mkononi.

"Daktari, hii maji inataka kukaa," alisema. "Sisi tukichimba kwa luga, ya kwanza ni tope. Unakaa chini, unangoja."

"Hapa si luga, Mama Ekai. Ni maabara."

Alirudi kwa chupa zake. Baada ya siku nne samaki walianza kupanda juu wakihema kwa midomo, na kufika Jumapili wote wanane walikuwa wanaelea. Majani yalikuwa ya manjano. Nilitafuta kosa. Je, nilikuwa nimewalisha unga mwingi? Je, ni joto la Isiolo? Je, ni kioo, ni pati, ni kutu ya fremu? Niliandika maswali ukurasa mzima, na jibu langu kwa yote lilikuwa moja: nisafishe zaidi. Nikachemsha kila kitu upya. Tulikwenda mtoni tena, tukarudi na samaki kumi.

Sasa kuanzia hapa mimi huchanganyikiwa hata nikisimulia polepole. Samaki hao kumi walikaa siku tatu bila shida. Siku ya nne, kama kawaida yangu, nilitoa maji karibu yote nikajaza mengine kutoka lile debe. Asubuhi iliyofuata saba walikuwa wamekufa. Niliinama kuwatoa, nikasikia harufu ya moshi. Nikainamia debe. Lilikuwa na harufu hiyo hiyo, na chini kulikuwa na vumbi jeusi la mkaa. Nilimwita Mama Ekai nikamuuliza ni nani ameligusa debe langu.

"Ni mimi," alisema, bila kuficha hata kidogo. "Nimefukiza."

Alinieleza taratibu, kwa vile niliyekuwa sijui ni mimi. Kwao chombo cha maziwa hakioshwi kwa maji tu. Unatia kijinga cha moto cha mti fulani, unafunika, unatikisa, unapangusa majivu, na hapo ndipo chombo kimekuwa safi na maziwa hayaharibiki. "Wewe unachemsha, na samaki inakufa. Nikasema labda ni debe ndiyo mbaya. Wacha nisaidie Daktari. Sisi mtoto hatuwezi kumpa maziwa kwa chombo haijafukizwa."

Mngefikiri mtu aliyefundishwa na sista angeelewa. Ilikuwa kazi ile ile niliyokuwa nafanya mimi, ila yeye alitumia moto bila maji. Sikuelewa. Nilichoona ni kwamba nimepata sababu. Wiki tano nilikuwa nimetembea gizani, nikiulizwa kila asubuhi na Bwana Galgalo, "Vipi, wanaendeleaje?" na hatimaye nilikuwa na kitu cha kujibu. Nawaambia ukweli: nilifurahi. Niliketi nikaandika ripoti yangu ya kwanza katika kazi hii, nusu ukurasa, kwa mwandiko mzuri. Niliandika kwamba chanzo cha vifo vya samaki ni moshi uliotiwa katika debe la maji na kibarua Mama Ekai, na kwamba hakuna chanzo kingine. Maneno hayo ya mwisho niliyapigia mstari kwa rula.

Bwana Galgalo alisoma, akasoma tena. "Una hakika?" aliniuliza. Nikasema nina hakika. Wakaguzi walikuwa karibu, naye hakuwa na mwingine wa kumwamini kwa mambo ya usafi. Ijumaa hiyo Mama Ekai aliambiwa asirudi Jumatatu. Hakulia wala hakugomba. Alikunja kitambaa chake cha kupangusia, akakiweka juu ya sinki, akaniambia, "Haya, Daktari. Baki salama." Mimi nikajishughulisha na kuandika lebo za chupa.

Wale samaki watatu waliobaki walikufa katikati ya juma lililofuata. Debe nililibadilisha, hakukuwa na moshi wala mtu wa kufukiza. Nikasema labda moshi umebaki kwenye mchanga. Nikauchemsha. Nikaenda mtoni peke yangu na chandarua, nikiwa nimekunja suruali, wapita njia wakiniuliza kama Meru chakula kimekwisha. Nilileta samaki saba. Walikufa. Hapo akili yangu ilisimama. Moshi haukuwapo, mama mwenyewe hakuwapo, na vifo vilikuwa vile vile. Nilianza kuhesabu kinyumenyume nikakumbuka wale wanane wa kwanza, waliokufa kabla ya Mama Ekai kuligusa debe. Niliwezaje kuwasahau? Niliwatoa kwa mkono huu. Nilikuwa nimewaandika kwenye daftari langu, na bado nikaandika kwamba hakuna chanzo kingine.

Nikafanya jambo ambalo mtu aliyechanganyikiwa hufanya, nikaleta wengine sita bila kubadilisha chochote. Siku iliyofuata malaria ikaniangusha. Nilipelekwa nyumbani Meru, nikakaa huko zaidi ya wiki mbili nikitetemeka chini ya blanketi tatu, na maabara ikafungwa kwa sababu hakukuwa na wa kuifungua. Hakuna aliyelisafisha tangi. Hakuna aliyewalisha samaki wala kubadilisha tone la maji.

Niliporudi nilichukua kwanza ndoo na brashi, kwa maana nilijua ninakwenda kuzika. Vioo vilikuwa vya kijani, kama ukuta wa birika la ng'ombe. Juu ya mchanga kulikuwa na takataka za rangi ya kahawia. Lakini ukichungulia mahali kioo kilipokuwa wazi, maji yenyewe yalikuwa safi kuliko nilivyowahi kuyafanya mimi. Majani yalikuwa yametoa machipukizi mapya, na samaki wanne walikuwa wanadonoa ule ukijani, wamenona. Nilisimama na ndoo yangu sijui kwa muda gani. Nilitaka kusafisha, mkono ulikuwa unawasha kabisa. Nikaiweka ndoo chini nikakaa juu yake.

Miaka mingi baadaye nilikwenda semina, na mwalimu mmoja akatueleza kwamba ndani ya mchanga wa tangi huishi viumbe wadogo wasioonekana ambao hula sumu inayotokana na mavi ya samaki. Huchukua wiki kadhaa kuongezeka hadi watoshe. Kukomaa kwa maji ni huko. Kila nilipochemsha mchanga nilikuwa ninawaua wao kwanza, na samaki wakafuata. Nilimuuliza yule mwalimu kuhusu moshi wa kufukizia vyombo, kama unaweza kuua samaki. Alicheka, akasema hajawahi kuulizwa swali hilo, na akaendelea na somo.

Lakini siku ile juu ya ndoo sikujua haya. Nilichojua ni kwamba tangi lilipona nilipoliacha, na kwamba mtu mmoja aliniambia niliache. Nililiacha. Nikawa napangusa kioo cha mbele tu, nabadilisha kikombe kimoja kimoja, nawapa unga kidogo wa kubana kwa vidole viwili. Wakaguzi walipokuja, mmoja wao aliinama hadi pua ikagusa kioo. Aliuliza nani analitunza. Bwana Galgalo akaninyooshea mkono, nami nikasema asante. Tulipita.

Nilipaswa kwenda ofisini siku hiyo hiyo. Nilijiambia nitakwenda kesho, halafu Jumatatu, halafu baada ya mitihani ya kidato cha pili. Nilikuwa mgeni kazini, bado nikitazamwa, na niliogopa kurudishwa hospitali nikiwa mtu aliyeua samaki ishirini na saba. Siku ya tisa ndipo nilipobisha. Nilimweleza Bwana Galgalo yote, tangu usaha hadi ndoo. Alivua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu.

"Nafasi ile imejazwa juzi," alisema. "Jina limeshapelekwa. Anaweza kurudi kibarua, kama zamani. Zaidi ya hapo sina."

"Utamwita, Bwana?"

"Mimi? Wewe ndiye uliyeandika. Nenda umwambie."

Nilikwenda Bulla Pesa Jumamosi mchana. Nilimkuta uani kwa dada yake akipima makaa kwenye mikebe, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Alinipa kigoda. Aliniuliza habari ya malaria, kwani alikuwa amesikia, na habari ya watu wa nyumbani. Kisha akauliza samaki wanaendeleaje.

"Wanaishi," nilisema. "Wameishi kwa sababu nilikuwa mgonjwa, sikuwaosha. Mama Ekai, ni mimi niliyekuwa nawaua. Ulisema maji yanataka kukaa, ikawa hivyo." Nikamwambia pia juu ya nafasi, kwamba imechukuliwa, na kwamba mwalimu mkuu anasema anaweza kurudi kibarua. Maneno yote hayo niliyasema nikitazama makaa.

Aliendelea kujaza mkebe mpaka ukafurika kidogo juu, kama wateja wanavyotaka.

"Na moshi yangu?" aliuliza. "Iliua samaki ama haikuua?"

Nilifikiri juu ya wale saba wa asubuhi ile. Wengine walikufa kabla ya moshi, wengine baada ya moshi. Hao wa katikati, nilijaribu kuwaza kila njia. "Sijui," nilisema.

"Hujui?"

"Kweli kabisa, Mama Ekai, sijui."

Aliniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Lakini uliandika unajua."

Aliniuzia mkebe mmoja wa makaa nikaubeba. Jumatatu nilifika maabara saa moja na nusu, nikafungua madirisha, nikangoja hadi kengele ya kwanza. Hakuja, wala juma lililofuata hakuja. Kazi ya kibarua ilikaa wazi muhula mzima, na kufagia nilifagia mwenyewe.